Nta ya sikio: ni lini iachwe, ni lini itolewe, na ni nani wa kuitoa

#1 Muuguzi wa Nakuru (mwanzilishi wa uzi)

Wanajamvi, nawasalimu.

Katika kitengo cha wagonjwa wa nje hapa Nakuru, lalamiko la "sikio limeziba" ni la kawaida sana, na mara nyingi kinachotuhangaisha zaidi ya nta yenyewe ni vitu vilivyokwisha kutiwa sikioni kabla ya mgonjwa kutufikia: njiti ya kiberiti, pini ya nywele, kifuniko cha kalamu, unyoya wa kuku, maji ya kitunguu, na hata mafuta ya taa. Kila mmoja huja akiuliza atumie nini kuitoa nta hiyo. Mimi naona swali hilo ni la pili. La kwanza ni kama kilichoziba ni nta kweli, na kama kiwambo cha sikio kilichoko nyuma yake ni kizima. Asiyekuwa na jibu la swali la kwanza hana budi kulisubirisha la pili.

Nta hutengenezwa katika theluthi ya nje ya mfereji wa sikio, sehemu yenye gegedu na vinyweleo. Tezi za huko hutoa mafuta na ute unaochanganyika na seli za ngozi zilizokufa pamoja na vumbi. Mchanganyiko huo una asidi kidogo, hunasa vumbi na wadudu, huikinga ngozi isilowane ovyo, na huzuia bakteria na fangasi wasistawi. Mfereji wenyewe, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5, hujisafisha: ngozi yake husogea polepole kutoka kwenye kiwambo kuelekea nje ikiibeba nta, na mwendo wa taya wakati wa kutafuna na kuzungumza husaidia kuitikisa, hadi idondoke yenyewe au ifutwe kwa kitambaa wakati wa kuoga. Kwa kuwa haitengenezwi ndani kabisa, nta inayokutwa imegandamana karibu na kiwambo mara nyingi ilisukumwa huko.

Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, uliosasishwa Januari 2017, unakadiria kwamba nta iliyojaa kupita kiasi hupatikana kwa mtoto 1 kati ya 10, mtu mzima 1 kati ya 20, na zaidi ya theluthi moja ya wazee. Mwongozo huohuo unasema jambo ambalo wengi hawalitarajii: nta isiyoleta dalili, na isiyomzuia mtaalamu kukitazama kiwambo pale anapohitaji kukitazama, haina haja ya kuondolewa. (Najua yupo atakayesema kwamba mwongozo wa Marekani hauwahusu watu wa Njoro wanaovuna ngano katikati ya vumbi. Mfereji wa sikio hujisafisha kwa njia ileile kila mahali. Kinachotofautiana baina ya watu ni aina ya nta: wengi wetu wenye asili ya Afrika tuna nta ya kahawia inayonata, ilhali watu wengi wa Asia Mashariki wana nta kavu ya kumenyuka, tofauti ambayo watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2006 kwamba inatokana na jeni moja iitwayo ABCC11.)

Nta ikijaa kweli, mtu husikia kana kwamba sikio limezibwa, usikivu hupungua kwa kiasi cha desibeli 5 hadi 40, na pengine huja mvumo, mwasho au kikohozi. Usaha, damu, homa, maumivu makali, kizunguzungu kikali au uso kulegea upande mmoja ni dalili za mambo mengine, na mwenye dalili hizo asijaribu lolote nyumbani.

Karibuni tujadiliane.

#2 Fundi wa Kibuye, Kisumu

Dada muuguzi, nakushukuru kwa maelezo, lakini sikubaliani nawe katika kila jambo. Sisi tunaochomelea vyuma na kupiga mabati tunashinda katika vumbi na kutu kuanzia asubuhi hadi jioni. Nikirudi nyumbani na kupitisha kijiti cha pamba sikioni, kinatoka kikiwa cheusi, nami huona kwa macho yangu kwamba uchafu umetoka. Nikiacha kwa muda, sikio linaniwasha hadi nashindwa kulala. Je, unanishauri niuache uchafu huo ujikusanye hadi niwe kiziwi?

#3 Muuguzi wa Nakuru

Ndugu fundi, kijiti chako kinakuonyesha kilichotoka, lakini hakikuonyeshi kilichosukumwa. Unene wa pamba ile unakaribia upana wa mfereji, kwa hivyo kila kinapoingia hupangusa kidogo pembeni na kuishindilia iliyobaki nyuma, mfano wa mtu anayepakia baruti katika gobori. Baada ya muda nta hiyo hukauka na kuwa ngumu, na ngozi inayotakiwa kuibeba kuja nje haiwezi tena.

Kuhusu mwasho, hapo ndipo wengi wanaponaswa. Kijiti huondoa mafuta yanayoilinda ngozi, ngozi hukauka na kuwasha, mwasho hukurudisha kwenye kijiti, na mkwaruzo mdogo usiouona huwa mlango wa bakteria na fangasi. Mwasho usioisha kwa mtu anayechokonoa sikio kila siku hutokana mara nyingi na kule kuchokonoa. Wapo pia wanaokohoa kila wakitia kijiti, wakidhani wana mafua. Katika ngozi ya mfereji kuna tawi la neva ya vagasi, neva ileile inayohusika na kukohoa.

Vijiti vya pamba vilibuniwa Marekani mwaka 1923 na Leo Gerstenzang, na siku hizi ni kawaida kwa boksi lake kuwa na onyo la kutovitia ndani ya mfereji wa sikio. Huko huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 1990 na 2010 takriban watoto 263,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa majeraha ya sikio yaliyoletwa na vijiti hivyo, na wengi wao walikuwa wakisafishwa masikio tu. Hao walitumia pamba laini. Sisi tunazungumzia pini na funguo.

Kwa kazi yako, ningehofia zaidi kelele na cheche. Cheche ya kuchomelea inaweza kuingia sikioni na kukitoboa kiwambo. Vaa vikinga masikio vya kufunika sikio lote, kwa sababu vile vya kupachika ndani, ingawa vinakinga kelele vizuri, huizuia nta isitoke kwa baadhi ya watu. Ukiwa huna vingine, endelea na hivyo vya ndani; nta huondolewa, usikivu ulioharibiwa na kelele haurudishwi. Jioni futa sehemu ya nje kwa kitambaa chenye unyevu kilichozungushwa kwenye kidole, na uishie pale kidole kinapoishia.

#4 Mama wa Kakamega

Muuguzi, mimi nina mtoto wa miezi minane. Mama mkwe wangu humtia matone ya maziwa ya mama au mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kila anaposhika sikio, akisema linamsumbua kwa uchafu. Sitaki kumvunjia heshima, maana amelea watoto wengi. Jambo jingine linalonichanganya ni kwamba kifungua mimba wangu alipokuwa akitokwa na usaha sikioni, kwenye kituo cha afya walinifundisha kusokota kitambaa na kukitia sikioni. Sasa wewe unasema tusitie chochote. Nimsikilize nani?

#5 Muuguzi wa Nakuru

Mama, waliokufundisha kituoni walikuwa sahihi. Kutokwa na usaha kwa wiki mbili au zaidi ni ugonjwa sugu wa sikio la kati (sehemu iliyo nyuma ya kiwambo), na maana yake ni kwamba kiwambo kimetoboka. Hapo sikio hukaushwa kwa kitambaa safi kinachofyonza, kilichosokotwa kikawa laini chenye ncha, bila kijiti ndani yake. Huwekwa sikioni hadi kilowe, hutolewa, huwekwa kingine, hadi sikio likauke, kisha hutiwa dawa ya matone iliyoandikwa na tabibu. Kitambaa kile hufyonza usaha, hakikwangui nta. Sikio la namna hiyo halitiwi mafuta, wala maji, wala maziwa.

Kuhusu mtoto mchanga, kushika sikio peke yake si ushahidi wa nta. Watoto hushika masikio wakiota meno, wakisinzia, au sikio la kati likiwa limepata maambukizi baada ya mafua. Maziwa na mafuta ya jikoni hayana usafi wa dawa, na yakipashwa moto yanaweza kuiunguza ngozi ambayo ni nyembamba mno. Ningekushauri usibishane na mama mkwe, bali uende naye kliniki siku ya chanjo, umwombe mhudumu alitazame sikio kwa otoskopu (kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio) mbele yenu nyote wawili. Akiambiwa na aliyetazama kwamba kiwambo ni chekundu au kwamba hakuna nta, huenda atalipokea vizuri kuliko kuambiwa na mkaza mwana.

#6 Mwalimu wa Bungoma

Naomba niongeze jambo kutoka darasani. Tunao wanafunzi wanaoadhibiwa kwa utundu kumbe hawasikii. Mwanafunzi mmoja wa darasa la awali alikuwa akigeuza kichwa upande mmoja kila akiitwa, na alipopelekwa hospitalini ikaonekana kwamba ndani ya nta kulikuwa na punje ya haragwe iliyokaa humo muda ambao hata yeye hakuukumbuka. Mzazi alikuwa amekwisha kumtia maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano nyumbani, na mtoto alilia usiku kucha. Je, maji si ndiyo yanayotumiwa hata hospitalini?

#7 Muuguzi wa Nakuru

Mwalimu, mfano wako ndio hasa uliokuwa akilini mwangu nilipoandika juu ya kutazama kwanza. Haragwe, punje ya mahindi au njugu hunywa maji na kuvimba, kisha hukwama kwenye mfereji na kuuma vibaya. Maji hayatumiwi kwa kitu cha namna hiyo. Mdudu aliye hai huuawa kwanza kwa matone ya mafuta, ikiwa kiwambo ni kizima, ndipo atolewe. Betri ndogo ya mviringo, ile ya saa na vichezeo, ni dharura ya saa hiyohiyo, kwani huanza kuchoma nyama ya sikio ndani ya muda mfupi. Usitie maji wala matone, kimbia hospitali. Mzazi anayetazama kwa tochi ya simu huona giza na rangi ya kahawia tu, na nta, punje, mdudu na betri vyote vinaweza kufanana.

#8 Mfamasia wa Kisumu

Wanajamvi, naomba niunge mkono hoja ya muuguzi lakini niipunguze makali kidogo, kwa sababu tukisema kila mtu apange foleni ndipo apate matone, watu watarudi kwenye pini. Mtu mzima ambaye hajawahi kutoboka kiwambo, hajafanyiwa upasuaji wa sikio, hana usaha wala maumivu, na anajua kwamba sikio lake huziba kwa nta, anaweza kuanza kwa kulainisha nyumbani. Mafuta ya zeituni au ya lozi yanayouzwa kwenye duka la dawa hutiwa matone mawili au matatu, mara tatu au nne kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Chupa ishikwe mkononi kwanza ili mafuta yasiwe baridi. Mtu alale ubavu, avute sikio juu na nyuma kidogo, atie matone, atulie dakika tano hadi kumi. Nta haitoki papo hapo; huweza kuchukua hata wiki mbili ikidondoka vipande vidogo, na katika siku za mwanzo sikio linaweza kuzidi kuziba kabla ya kufunguka.

Wateja huniuliza ni dawa ipi iliyo kali zaidi. Tuna matone ya sodiamu baikaboneti, ambayo huimumunyisha nta lakini yakizidi huikausha ngozi, na tuna haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ambayo hutoa povu na mlio unaowafurahisha wengi kwa sababu wanadhani ni ishara ya kufanya kazi. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane yaliyotolewa mwaka 2018 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba aina moja ya matone inaishinda nyingine, wala kwamba yanayashinda maji ya kawaida au maji ya chumvi. Kwa hivyo simwuzii mtu chupa ya bei ghali kwa ahadi ya ukali. Ninachouliza kila mara ni kama sikio lilishawahi kutoa usaha. Akisita kujibu, namtuma kwa tabibu.

#9 Muuguzi wa Nakuru

Mfamasia, marekebisho yako nayakubali, nami ninayachukua yawe sehemu ya hoja: mtu mzima asiye na historia yoyote ya sikio na anayeijua nta yake, mafuta hayatamdhuru. Ningeongeza mwenye kisukari na mwenye kinga dhaifu kwenye orodha ya wanaopaswa kutazamwa kwanza, kwa sababu maambukizi ya mfereji kwao yanaweza kupenya hadi kwenye mfupa.

#10 Mjukuu wa Siaya

Mimi naandika kwa niaba ya babu yangu mwenye umri wa miaka themanini na ushei. Anavaa kifaa cha kusaidia kusikia, nacho siku hizi kinapiga mbinja. Katika zahanati moja ya binafsi walimpiga maji kwa bomba kubwa la chuma, akapata kizunguzungu hadi akashikiliwa asianguke, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za sikio. Isitoshe, mjomba wangu aliamka wiki iliyopita sikio moja likiwa halisikii kabisa, naye anasema ni nta kama ya babu, atasubiri. Tufanyeje?

#11 Muuguzi wa Nakuru

Nitaanza na mjomba, kwa sababu babu anaweza kusubiri lakini yeye hawezi. Sikio linalopoteza usikivu ghafla, ndani ya siku tatu au pungufu, bila maumivu, linaweza kuwa limeathirika katika neva au sikio la ndani. Tiba yake, ambayo mara nyingi ni dawa za steroidi, hufaa zaidi ikianzwa mapema, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana. Ni kweli kwamba nta nayo huweza kuziba ghafla, hasa mtu akiogelea pale Dunga au akitoka kuoga, kwa kuwa hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana watu hukosea. Wahudumu hutumia uma wa sauti (chuma chenye ncha mbili kinachovuma kikigongwa) kutofautisha hali hizo mbili. Mjomba anaweza kuguna "mmm" akiwa amefunga mdomo: mguno ukisikika zaidi upande ulioziba, huelekea kuwa kizuizi cha nje kama nta, ukisikika zaidi upande mzima, jambo la neva linashukiwa. Kipimo hicho hakitoshi kumbakisha nyumbani. Aende leo, na kwa kuwa mko Siaya, Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iliyoko Kisumu haiko mbali nanyi ikiwa tabibu wa karibu atamwandikia rufaa.

Babu naye ana sababu ya kuogopa. Kizunguzungu hutokea maji yanapokuwa baridi au moto kuliko mwili, kwa kuwa huvuruga kimiminika cha sikio la ndani. Yanapaswa kuwa na nyuzi 37 hivi. Mkondo wa maji huelekezwa kwenye ukuta wa juu na nyuma wa mfereji, hauelekezwi moja kwa moja kwenye kiwambo, na nguvu yake huwa ndogo. Bomba la chuma la kusukumwa kwa mkono halipimiki nguvu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 ulishauri lisitumiwe tena, na badala yake itumike mashine ya umeme yenye kidhibiti cha nguvu ya maji, au kufyonza nta kwa mrija mwembamba huku daktari akitazama kwa hadubini, au kuiondoa kwa kijiko kidogo maalumu. Kwa babu, omba kufyonza au kijiko, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wazee nta yao huwa kavu zaidi, na kifaa kinapokaa sikioni mchana kutwa huifungia njia. Mbinja hutokea sauti inapogonga nta na kurudi kwenye kifaa, kwa hivyo msikimbilie kununua kifaa kipya.

#12 Kijana wa Kakamega

Vipi kuhusu mishumaa ya masikio, ile inayopachikwa sikioni na kuwashwa upande wa pili? Nimeona pia vijiti vyenye kamera vinavyounganishwa na simu, vinauzwa mtandaoni kwa bei nafuu. Ukivitumia si utakuwa umetazama kwanza, kama unavyotaka?

#13 Mfamasia wa Kisumu

Mishumaa hiyo haifyonzi chochote. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1996 uliipima na kukuta kwamba haileti mvuto wowote wa hewa, na ule uchafu wa kahawia unaoonyeshwa mteja baadaye ni nta ya mshumaa wenyewe. Madaktari 122 wa masikio waliohojiwa wakati huo walitaja majeraha 21, yakiwemo ya kuungua na ya mfereji kuzibwa na nta ya mshumaa. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliwaonya watengenezaji wake.

Kamera ni jambo tofauti kidogo. Kutazama kwayo hakuna ubaya iwapo haigusi ngozi, ila ncha yake ina kijiko, na anayeona huwa hajizuii kukwangua. Picha ya skrini haina kina, mkono hutikisika, na kiwambo kiko umbali wa sentimita mbili na nusu tu. Ung'oe kwanza kile kijiko.

#14 Fundi wa Kibuye, Kisumu

Basi nimekubali kuviweka kando vijiti kwa muda nione. Swali la mwisho: nikienda kituo cha afya, niwaambie nini ili wasinipe dawa za kumeza na kunirudisha nyumbani?

#15 Muuguzi wa Nakuru

Waambie sikio lipi, tangu lini, na kama lilianza ghafla au polepole. Taja kila ulichowahi kulitia, bila kuficha, pamoja na kazi yako ya kuchomelea. Sema kama uliwahi kutokwa na usaha ukiwa mtoto, hata kama ni zamani, na kama una kisukari. Kisha omba watazame masikio yote mawili kwa otoskopu kabla ya kuandika chochote, nawe uulize walichokiona. Wakisema ni nta ngumu, watakupa matone ya kulainisha kwa siku kadhaa na kukupangia siku ya kurudi. Rudi siku hiyo hata ukihisi nafuu, ili waangalie kiwambo baada ya nta kutoka. Wakianza kusafisha kwa maji na ukahisi maumivu makali au kizunguzungu, waambie waache mara moja.